Maswali na Majibu: "If" kwenye data iliyosimbwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni kompaila ndogo inayosoma programu ya Python na kuigeuza iwe miito ya SEAL, maktaba ya kukokotoa juu ya data iliyosimbwa bila kuisimbua, kwa mfumo wa BFV (wa namba kamili), ili seva ipime ombi la mkopo bila kuona mapato ya mwombaji. Kujumlisha na kuzidisha kunakwenda vizuri. Nikifika kwenye "if mapato > 500" (kwa maelfu ya shilingi) nakwama. Tena programu ndefu zinanitolea namba za ajabu bila kuripoti kosa lolote. Mwenzangu anashauri seva ipewe ufunguo wa siri kwa sekunde moja tu, ilinganishe, kisha iufute. Inakubalika? — Mwanafunzi, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Haikubaliki, na huyo mwenzako usimpe hata nywila ya Wi-Fi. Ndani ya sekunde hiyo moja seva inaweza kusimbua kila kitu ilichonacho. Kama unaiamini seva kiasi hicho, achana na usimbaji wa homomofiki, huu unaoruhusu hesabu juu ya data iliyosimbwa, itumie data kwa TLS (usimbaji wa kawaida wa safarini) kama wenzako wote na ulale mapema.

Shauri hili nakutana nalo kila mara, na mzizi wake ni dhana moja: kwamba kompaila ya namna hii ni mkalimani tu, anayepokea programu yoyote na kuirudisha ikiwa imevaa kofia ya usimbaji. Sivyo. Ili prosesa iruke kwenda tawi la "ndiyo", lazima ijue kwamba jibu ni ndiyo, na ikishajua, imeshajua kitu kuhusu mapato ya mwombaji. Wengine hujitetea kwamba wanafichua jibu la ulinganisho peke yake. Haya, piga hesabu: seva iulize mara 20, kila mara ikigawa nusu kwa nusu, na namba yoyote chini ya milioni moja iko mezani. Maswali 20 kwa kompyuta hata chai haijapoa.

Kwa hiyo kompaila yako haitafsiri if, inaiondoa. Unakokotoa matawi yote mawili, kisha unachagua kwa hesabu: b × tawi la ndiyo + (1 − b) × tawi la hapana, ambapo b ni jibu la sharti (1 ni ndiyo, 0 ni hapana), na b yenyewe inabaki imesimbwa. Muda ni wa matawi yote mawili, siku zote. Mzunguko wa while unaotegemea siri nao unawekewa kikomo kinachojulikana wazi, na unazunguka hadi mwisho hata kama jibu lilipatikana mapema. Anza na aina za data: kila kigeugeu kiwe "wazi" au "siri", na kikiguswa na siri kigeuke siri. Kompaila ikikuta mruko unaotegemea siri, igeuze kuwa uchaguzi au ikatae kwa sauti.

Sasa b inatoka wapi? Hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukua kitu chepesi kuliko chako, usawa tu: je, x ni sawa na y? Moduli ya data (namba ambayo kila jibu hugawanywa kwayo na kubakizwa salio tu) ikiwa 65537, ambayo ni namba tasa, kanuni ya Fermat inasema (x − y) kwa kipeo cha 65536 ni 1 kama zinatofautiana, na 0 kama ni sawa. 65536 ni 2 kwa kipeo cha 16, yaani mara 16 mfululizo unachukua jibu ulilonalo na kulizidisha kwa lenyewe. Kina cha saketi, yaani idadi ya kuzidisha kunakofuatana, ni 16, na bado hujafika kwenye "kubwa kuliko", ambayo ni ghali zaidi.

Namba zako za ajabu zinatoka hukohuko. Kila kuzidisha kunaongeza kelele, yaani yale makosa madogo ya nasibu yanayoificha data, ndani ya data iliyosimbwa; kwa moduli hiyo hesabu kama biti 30 na ushee kila ngazi. Kwa usalama wa biti 128, polinomia ya digrii 8192 inakuruhusu moduli ya data iliyosimbwa (ndiyo inayobeba bajeti yako ya kelele) ya biti 218 kwa jumla, 16384 biti 438, na 32768 biti 881. Zidisha 16 kwa 30 uone: hata 16384 haikutoshi. SEAL haina butistrapu, ile njia ya kusafisha kelele aliyoionyesha mtafiti Craig Gentry mwaka 2009, kwa hiyo bajeti ikiisha imeisha. Na kosa haliripotiwi kwa sababu seva haiwezi kulijua: kupima kelele iliyobaki kunahitaji ufunguo wa siri. Ni kompaila yako inayopaswa kukadiria kelele mapema, kabla programu haijaanza kukimbia. Jenga grafu ya hesabu, pima kina, punguza kina, ndipo uchague vigezo. Kuzidisha namba nane kwa mnyororo kuna kina cha 7. Ukizipanga mbili mbili kama mti, kina ni 3. Na kama kulinganisha ndiyo nyama ya programu yako, hamia familia ya TFHE, iliyoundwa kwa kazi hizo. Mkopo wako naona uko huko.

Njia za mkato hazikosekani. Ipo ya kuzima ukaguzi wa usalama. SEAL kwa kawaida hukataa moduli inayozidi kipimo, lakini ukaguzi huo unaweza kuzimwa, kisha mtu anakuja na jedwali la kasi la kutisha, digrii 4096 na moduli ya biti 300, wakati kipimo chake ni 109. Kasi hiyo ni ya kufuli la plastiki. Nyingine ni ya CKKS, mfumo wa hesabu za makadirio: kusimbua matokeo na kumrudishia seva kama yalivyo. Watafiti Li na Micciancio walionyesha mwaka 2021 kwamba makadirio hayo yanabeba kelele inayoweza kufichua ufunguo wenyewe.

Siku hizi nikiletewa mfumo "unaokokotoa juu ya data iliyosimbwa", nauliza kwanza ufunguo wa siri uko kwenye mashine ipi. Kuna kampuni iliniita nikague mfumo wake. Ulinganisho ulikuwa unaisha kwa mikrosekunde, nikajua kuna kiinimacho. Nikafungua programu ya seva. Mstari wa tatu wa funksheni ya kulinganisha ulikuwa unasimbua. Nilipowauliza, mkuu wa kitengo akanihakikishia kwamba hakuna shida, folda ya ufunguo ina nywila.