Maswali Yenu: Bunge, Mpaka wa Horohoro na Dawa za Kulevya

Assalamu alaikum wahariri. Nafanya biashara Horohoro. Tukimwuliza mbunge kuhusu dawa za kulevya zinazovushwa kati yetu na Lunga Lunga, anasema ushirikiano na Kenya ni kazi ya Serikali, Bunge halihusiki. Ni kweli?
*Msomaji, Mkinga*

Waalaikumu salaam ndugu yetu. Si kweli. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi: kumwuliza waziri yeyote swali, kujadili utendaji wa kila wizara wakati wa bajeti, na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Mwanya upo hapo kwenye mikataba. Doria za pamoja na kupeana taarifa kati ya vyombo vya nchi mbili mara nyingi huendeshwa kwa hati za makubaliano za taasisi kwa taasisi, na hizo hazipiti Bungeni. Mbunge asipozifuata mwenyewe, hatoziona.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Swali la "Serikali ina mkakati gani wa kukomesha dawa za kulevya Mkinga?" huzaa jibu lilelile: Serikali inaendelea kuimarisha doria na kutoa elimu. Hapo mjadala umekwisha na hakuna kilichojulikana.

Chukulia mtu kakamatwa na mzigo Horohoro, na fedha zake zimepitia benki ya Mombasa. Polisi wa pande mbili wanaweza kuambizana kwa simu siku hiyohiyo, lakini habari ya simu si ushahidi. Rekodi ya benki ya kupeleka mahakamani huombwa kwa barua rasmi, serikali kwa serikali, chini ya sheria ya kusaidiana katika mambo ya jinai, Sura ya 254. Barua ikikosa namba ya akaunti, au isipoeleza akaunti hiyo inahusianaje na kosa, italala mezani. Huku kesi inaahirishwa na mashahidi wanahama.

Kwa hiyo mwandikieni mbunge wenu hivi: mwaka wa fedha uliopita maombi mangapi yalitumwa Kenya, mangapi yalijibiwa, lililokaa kuliko yote lina miezi mingapi, na kesi ngapi zinalisubiri jibu? Waziri akizunguka, mbunge ana maswali ya nyongeza.

Wala msitosheke na kilo. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamatwa kwa kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa. Ni kazi kubwa ya kupongezwa. Lakini kilo hazisemi kama nchi ulikotoka mzigo ilijibu ilipoulizwa, na hilo ndilo Bunge linapaswa kulidai.

Pelekeni swali mapema. Mamlaka hiyo iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo bajeti yake hujadiliwa Aprili, na kamati hukaa kabla ya hapo. Polisi na Uhamiaji wako Mambo ya Ndani, forodha iko Fedha. Kila kamati hukagua kipande chake, na shehena hupenya palepale kipande kimoja kinapokabidhi kwa kingine.

Nasikia manowari za kigeni hukamata heroini kwenye majahazi, zikaimwaga baharini na kuwaachia mabaharia. Mbona hawaletwi mahakamani kwetu?
*Mvuvi, Pangani*

Ulivyosikia ndivyo. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi nje ya pwani ya Kenya, na mzigo ukateketezwa. Manowari hizo hufanya kazi chini ya ushirikiano wa majeshi ya majini wenye makao Bahrain. Bahari ya nchi huishia maili 12 za baharini kutoka pwani. Zaidi ya hapo, kwa ibara ya 17 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara haramu ya dawa za kulevya, chombo chenye bendera ya nchi nyingine hupekuliwa kwa ridhaa ya nchi hiyo, na mashtaka yanahitaji nchi ambayo mahakama zake zina mamlaka na iko tayari kuwapokea watuhumiwa, mzigo na mashahidi. Isipopatikana, dawa huharibiwa na chombo huachiwa.

Hapa Bunge lina kazi mbili: kuangalia kama sheria yetu inaziruhusu mahakama kusikiliza kesi ya jahazi lisilo na bendera lililokamatwa mbali, na kumwuliza waziri kama simu na rekodi za safari zilizokutwa chomboni huwafikia wapelelezi wetu. Hili la pili tunaliona zito zaidi, maana mzigo ukiteketezwa bila rekodi, mwenye mali anabaki salama nchi kavu.

Kipumbwi kwenda Unguja ni nchi moja. Nani anasimamia dawa za kulevya zinazopita hapo?
*Msomaji, Kipumbwi*

Nchi ni moja, vyombo ni viwili. Sheria ya 2015 iliyounda Mamlaka ya Bara inatumika Bara tu. Zanzibar ina mamlaka yake, pamoja na KMKM, kikosi maalumu cha kuzuia magendo, na huko husimamiwa na Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo swali la bandari bubu za Pangani lipelekwe kote kuwili, kwa maneno yaleyale, ili majibu yalinganishwe.

Jambo moja kwenu nyote watatu: mkijua chombo au mtu, msimpe mbunge jina hilo. Maneno ya Bungeni huingia kwenye Taarifa Rasmi, ambayo kila mtu huisoma, na kesi iliyoko mahakamani hairuhusiwi kujadiliwa humo. Majina yapelekwe kwa Mamlaka, simu 119, bila malipo. Mbunge apewe maswali ya idadi, muda na fedha.