Pau iliyokatwa miguu, na maswali yenu mengine kuhusu grafu

Mwalimu, grafu ipi ni bora kuliko zote?

Swali hili limerudi tena, na tena limekuja bila data. Unataka msomaji alinganishe nini? Mwenendo wa miaka ni mstari, makundi ni pau, uhusiano wa vipimo viwili ni nukta. Likiletwa tena hivi silijibu.

Bosi anataka pau zetu zianzie 48, kwa sababu 50 na 52 zikianzia sifuri zinaonekana sawa. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Urefu wa pau ndiyo namba yenyewe. Ukiikata miguu hapo 48, pau ya kwanza inabaki na urefu wa 2, ya pili 4. Tofauti ya asilimia 4 imegeuka maradufu na hujaandika neno hata moja la uongo. Zinaonekana sawa kwa sababu zinakaribiana! Mwambie bosi hivyo, kwa adabu.

Kuna tofauti ndogo zenye uzito, sikatai: joto la mwili likitoka 37 kwenda 39, mgonjwa huyo si wa kuachwa. Basi tumia mstari. Hapo jicho linafuata kupanda na kushuka, halipimi urefu kutoka chini, kwa hiyo si lazima uanzie sifuri, mradi namba za mhimili zisomeke. Na ninyi mnaoweka mihimili wima miwili yenye vipimo tofauti ili mistari ikutane mnapotaka, nawaona.

Grafu yangu ya duara inafika asilimia 112. Nimekosea wapi?

Huenda uliruhusu watu wachague jibu zaidi ya moja. Kama ni hivyo, huna kizima cha kugawa. Chora pau. Hata ingefika 100 ningekushauri hivyo hivyo vipande vikiwa vingi, maana jicho ni dhaifu kwa pembe. Mskoti William Playfair alitupa grafu za mistari na pau mwaka 1786, kisha mwaka 1801 akaleta duara. Angeishia pale pa kwanza nisingelalamika. Na hao wanaolilaza duara lionekane nene kama mkate: kipande cha mbele kinanenepa bure.

Histogramu si grafu ya pau tu iliyobanwa?

Hapana. Histogramu hugawa namba katika madaraja, yaani vipande vinavyofuatana, na kinachosomwa ni eneo la kila pau, si urefu wake. Tuseme watu 20 wako kwenye daraja la 0 hadi 10, na 30 kwenye la 10 hadi 40. Ukichora urefu wa 20 na 30 umedanganya. Gawa kwanza kwa upana wa daraja, upate 2 na 1. Daraja lenye watu wengi ndilo linalokuwa fupi.

Wastani ninao tayari. Grafu ya nini?

Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alitoa seti nne za data, kila moja na nukta 11. Wastani ni ule ule, mtawanyiko karibu ule ule, hata mlinganyo wa mstari unaopitishwa katikati ya nukta haupishani. Zichore sasa: moja inafuata mstari kwa kuyumba-yumba, ya pili ni tao, ya tatu imenyooka isipokuwa nukta moja iliyotoroka, ya nne imesimama wima kasoro nukta moja iliyo mbali. Wewe ya kwako ni ipi?

Nitumie rangi ngapi?

Chache. Na usitenganishe makundi kwa nyekundu na kijani peke yake, wapo wasomaji, hasa wanaume, ambao kwao ni rangi moja.