Maswali na majibu: Kusomea ualimu wa milimani na porini

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaotaka kufundisha nje ya darasa, yaani kupeleka wanafunzi mlimani, kambini au ziwani, na safari yenyewe ikawa ndiyo somo. Tumechagua sita.

Nimemaliza kidato cha nne, nina D nne. Nataka kuongoza wanafunzi, si watalii. Nisome nini? (Mbauda, Arusha)

Mdogo wetu, ukisubiri kuona kozi iitwayo "ualimu wa porini" kwenye orodha ya vyuo utachelewa. Kazi hii inaunganishwa vipande vipande. D nne za masomo yasiyo ya dini ndicho kiwango cha chini cha kawaida cha kuanzia ngazi ya nne ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi nchini; ngazi hiyo ni cheti cha msingi. Diploma iko ngazi ya sita. Ila kozi nyingine hutaja masomo yake, kwa mfano Biolojia au Jiografia, kwa hiyo soma masharti ya kozi yenyewe kabla hujalipia fomu.

Chuo cha Mweka, kilichopo mlimani juu ya Moshi tangu 1963, kitakupa wanyama, mimea na maisha ya porini. Vyuo vya utalii, kama kile cha VETA pale Njiro, vitakupa kuongoza na kuhudumia watu. Kupanga somo utajifunza kwenye ualimu, au kwa kujitolea miaka miwili na skauti wa shule ya karibu. Sisi tungekushauri cheti cha wanyamapori au utalii kwanza, na huku unajitolea kila likizo. Wanaosubiri kumaliza chuo ndipo waguse wanafunzi huwa wanajua majina ya ndege wote, lakini hawajui kumnyamazisha mtoto mmoja mtundu.

Na tofauti ya kazi hizi mbili ni hii: mtalii analipa afikishwe. Mwanafunzi anatakiwa asome ramani mwenyewe, akosee njia panda, na wewe uliyeona kosa unyamaze dakika kumi mradi hakuna hatari. Kunyamaza huko ndiko kunakowashinda waongoza watalii wengi wakihamia huku.

Kwani ajira zipo, au ni ndoto za Wazungu? (Soweto, Moshi)

Zipo, ingawa si nyingi. Mjerumani Kurt Hahn na mwenzake Lawrence Holt walianzisha Outward Bound huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941, wakiwafunza vijana wa baharini kustahimili. Katika miaka ya 1950 mafunzo hayo yakafika Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro huu huu. Fikra za Hahn ndizo zilizozaa pia shule za kimataifa za UWC (United World Colleges), na leo UWC East Africa ina kampasi Moshi na Arusha ambako safari za milimani ni sehemu ya masomo. Waajiri wengine ni kampuni zinazopokea vikundi vya shule kutoka nje, na mashirika ya mazingira. Wengi huanza kwa mikataba ya msimu, kwa hiyo uwe na shughuli nyingine ya kukusogeza wakati wa masika, Machi hadi Mei, safari zinapopungua.

Nimekuwa mgumu (mbeba mizigo ya wapanda mlima) miaka mitatu. Je, safari zangu zinahesabika? (Machame)

Zinahesabika ukiziandika. Mwajiri hawezi kusoma mabega yako. Chukua daftari gumu, chora safu hizi: tarehe, mahali, mwinuko wa juu kabisa, usiku mlizolala, idadi ya kikundi, kazi yako, hali ya hewa, na kilichoharibika. Kiongozi wa safari asaini palepale getini mnapotoka, maana baada ya wiki moja hapokei simu.

Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani. "Machame siku saba, tulifika salama" haimwambii mtu lolote. Andika hivi: "Mvua saa nane, mgeni mmoja nguo zimelowa, anatetemeka, hafungi zipu. Tulisimamisha kikundi, tukambadilisha nguo kavu, chai ya sukari, tukaendelea baada ya dakika 25." Hapo msomaji ameona kwamba unajua vidole vikishindwa kufunga zipu baridi imeshaingia ndani.

Usichanganye pia "nilibeba" na "niliongoza". Kubeba kilo 20 kunaonyesha nguvu na nidhamu; kuongoza ni kuamua. Omba ukae nyuma ya kikundi kama msaidizi, uandike safari hizo peke yake. Na kumbuka kwamba kuongoza watu ndani ya hifadhi kunataka leseni, hata kama njia unaijua usiku bila tochi.

Cheti gani cha huduma ya kwanza kinatakiwa? (Tengeru)

Kozi ya siku moja ya ofisini haitoshi, kwa sababu imejengwa juu ya gari la wagonjwa linalokuja. Porini unakaa na mgonjwa saa nyingi. Zipo kozi za nyikani za ngazi mbili. Ya saa 16, siku mbili, inamtosha msaidizi wa safari za mchana. Ya saa 70 hadi 80, takribani siku tisa au kumi, ndiyo waajiri wa safari za kulala nje huitaka kwa kiongozi. Cheti hudumu miaka miwili au mitatu, kisha unarudia.

Kabla ya kulipa uliza maswali mawili: mazoezi ya nje yanachukua saa ngapi, na je, tutaandika taarifa za mgonjwa kila baada ya muda? Anayefundisha kwa picha za ukutani tu mpite. Mtu hajui kumgeuza mwenye mgongo ulioumia mpaka amegeuza mtu mzito kwenye tope, watu wanne wakisikiliza sauti moja.

Shikamooni. Mimi ni mwalimu. Tunataka kupeleka kidato cha tatu Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku tano. Mnashauri nini? (Sakina, Arusha)

Marahaba, mwalimu. Ushauri wetu ni kubadilisha mpango. Kanuni inayotumika ni kwamba juu ya mita 3,000 mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne mpumzike siku moja. Sasa angalia vituo vya kulala vya Marangu: Mandara ni kama mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Mnaruka mita elfu, halafu elfu nyingine. Kwa siku tano mnapanda mara mbili ya kinachoshauriwa, tena na watoto.

Kama ni lazima iwe Kilimanjaro, fanyeni Horombo ndiyo mwisho wa safari. Laleni hapo usiku mbili, siku ya kati mpande hadi Mawe ya Pundamilia, kama mita 4,000, mrudi kulala chini. Wanafunzi watakuwa wameona misitu, nyika za juu na kilele cha Mawenzi kwa karibu, na hatari ya mtu kubebwa itakuwa ndogo zaidi.

Tatizo kubwa la wanafunzi ni kuficha. Mtoto ambaye wazazi wamechanga fedha hasemi kichwa kinamuuma mbele ya wenzake. Muulize kila mmoja pembeni, asubuhi na jioni, mambo manne: kichwa, tumbo na hamu ya kula, uchovu, kizunguzungu. Kila jambo lipe alama 0 hadi 3. Akiwa na maumivu ya kichwa na jumla ikafika 3, hapandi siku hiyo. Halafu mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akiyumba, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni saa tisa usiku. Vivyo hivyo anayehema akiwa amekaa tu. Dawa na oksijeni husaidia wakati wa kushuka, hazichukui nafasi ya kushuka.

Kama hamjawahi kwenda popote pamoja, anzieni Ziwa Duluti kwa siku moja. Wanafunzi 24 wagawanyeni makundi mawili, kila kundi walimu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma mwenye mkoba wa dawa. Lita mbili za maji kwa kila mtu. Mtembeaji wa polepole akae mbele. Mkihesabu, msiite namba zijibiwe kwa sauti, kwa sababu rafiki hujibia rafiki. Mgusane bega mmoja mmoja. Mwisho kaeni duara dakika kumi na tano muwaulize: nini kimetokea, kwa nini, na safari ijayo tufanyeje? Mwalimu akianza kuhutubia hapo, somo limekwisha.

Naweza kununua vifaa vya mitumba pale soko la Memorial? (Pasua, Moshi)

Nguo, ndiyo, na utapata nzuri. Tafuta sufu au zile za kukauka haraka, acha pamba na jinzi kwa ajili ya mjini, maana zikilowa haziachi maji. Koti la mvua limwagie maji kabla ya kulipa. Viatu angalia gundi ya soli kwa kuvikunja kwa nguvu.

Kamba ya kupandia na mkanda wa kiunoni, hapana. Tindikali ya betri ikidondokea kamba ya nailoni inaila ndani, juu ukaiona safi. Jua nalo huidhoofisha bila kuonyesha alama. Huwezi kujua ilikaa kwenye buti la gari la nani, wala imedaka watu wangapi walioanguka. Kamba hununuliwa mpya, ikiwa na kijitabu chake, na siku ya kwanza kutumika inaandikwa kwenye daftari.