Kihisi cha mzunguko au cha nguvu? Anza na mlima unaoupanda

Nilipofunga mota ya umeme ya wati 500 kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli yangu hapa Moshi, nilihitaji kihisi cha kuiarifu mota wakati wa kunisaidia kukanyaga, nikachagua cha mzunguko kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu na fundi yeyote angeweza kukifunga. Ni kisahani chenye sumaku 12 kinachovishwa kwenye ekseli ya krenki, yaani mhimili unaoshika mikono ya pedali, na kando yake kuna kifaa kidogo kinachohesabu kila sumaku inapopita. Kinajua jambo moja tu, kwamba pedali zinazunguka. Hakitofautishi kukanyaga kwa nguvu zote na kuzungusha miguu bila kazi.

Mjini kilinitosha kabisa. Shida niliiona kwenye barabara ya kupanda Kibosho, nikiwa na mikungu miwili ya ndizi kwenye keria. Kila niliposimama kupisha gari kisha nikataka kuondoka, kontrola, yaani kisanduku kinachosoma kihisi na kuiamuru mota, ilisubiri sumaku kadhaa zipite, yaani robo ya mzunguko na pengine nusu, ndipo mota iamke, na katika muda huo mfupi mzigo ulikuwa umekwisha kuirudisha baiskeli nyuma.

Kihisi cha nguvu hupima jinsi ekseli inavyojipinda unapoikanyaga, kwa hiyo mota husaidia tangu mguu unapoanza kusukuma, na husaidia zaidi kadiri unavyosukuma zaidi. Kwa mpanda milima mwenye mzigo, ningemshauri akinunue hata kama itambidi asubiri mwezi mwingine akusanye fedha.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaosema kwamba ndicho bora kwa kila mtu. Mama yangu mzazi ana magoti yanayomuuma, na kihisi kinachodai asukume ndipo asaidiwe kingemtesa; yeye nilimwekea cha mzunguko, anazungusha taratibu na mota inabeba kazi yote. Kwa kuwa mota yenye kihisi cha aina hiyo huendelea kusukuma kidogo hata baada ya miguu kutulia, nilimfungia pia breki zenye swichi ya kukata umeme, na naomba mtu yeyote asiziache.

Kabla ya kulipa, hakikisha kontrola yako inasoma kihisi cha nguvu, kwa maana nyingi za bei nafuu husoma ishara za sumaku tu. Mimi niliuziwa kihisi nikiambiwa kitafanya kazi, nikakaa nacho miezi miwili hadi nilipopata kontrola nyingine. Pima pia upana wa bomba la fremu linalopitisha ekseli ya krenki: vihisi vingi vimetengenezwa kwa milimita 68, na baiskeli za zamani zenye krenki za pini mara nyingi hazivipokei. Ukishakifunga, usiwashe mfumo mguu ukiwa juu ya pedali, kwa sababu aina nyingi hujipimia sifuri wakati huo, na uzito wa mguu wako utahesabiwa kuwa ndio mwanzo.