Muulize Anko: Hivi Sade yuko wapi siku hizi?

Swali: Anko shikamoo. Mimi na shemeji tumebishana wiki nzima sasa tunakuletea kesi. Yeye anasema Sade ni Mmarekani mweusi, mimi nasema Muingereza, halafu wife akatuvuruga kabisa eti Sade sio mtu ni bendi. Nani kapatia? Kreti ya soda iko mezani. – Mbishi, Morogoro

Jibu: Marahaba mwanangu. Kreti mpe wife, wewe omba chupa mbili tatu.

Sade ni bendi kweli, imechukua jina la dada anayeimba, Helen Folasade Adu, mzaliwa wa Ibadan, Nigeria, Januari 1959. Baba Mnaijeria, mhadhiri wa uchumi, mama nesi wa Kiingereza, walipoachana mama akarudi kwao Essex na watoto, binti ana miaka 4 tu. Shemeji yako hana chake hapo ila simlaumu, redio zetu zilikuwa zinampiga usiku katikati ya Wamarekani weusi kina Luther Vandross na Anita Baker, wote unawaweka kapu moja.

Sasa hapa ndo wife anapata kreti yake. Huyu dada wala hakupanga kuimba, alisomea mitindo ya mavazi chuo cha Saint Martin's pale London, akaingia bendi moja inaitwa Pride kama mwitikiaji tu, taratibu wakaanza kumpa nyimbo zake mwenyewe, ikiwemo Smooth Operator aliyotunga na Ray St. John. Kampuni za rekodi zikamuona, zikamtaka yeye peke yake, wale wengine baki huko! Akagoma. Alipokuja kusaini na kampuni ya Epic alienda na wenzake, Stuart Matthewman wa saksafoni na gitaa, Andrew Hale wa kinanda na Paul Denman wa besi, na hao hao ndo wako naye mpaka leo. Albamu ya kwanza Diamond Life ikatoka 1984. Mwaka uliofuata, Julai 1985, wakapanda tamasha la Live Aid pale uwanja wa Wembley, London, kuchangia waliokuwa na njaa Ethiopia, na jioni yake jukwaa lile lile akapanda Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, mtoto wa Unguja, kwahiyo siku hiyo Wembley ilikuwa na wazaliwa wa Afrika wawili ambao wengi hatukujua ni wa kwetu.

Swali: Anko jina lake linatamkwaje jamani, kazini wananicheka. – Dada wa Kariakoo

Jibu: Weka "sh". Shade. Ni Kiyoruba hicho, wakikucheka tena waulize wao Folasade wanaitamkaje.

Swali: Nilisikia Sade alishafariki, wengine wanasema kaacha muziki kaokoka. Mbona kimya hivi? – Mama Nuru, Mombasa

Jibu: Mama Nuru, yuko hai, ndo tabia yake tu. Tangu 1984 albamu sita! Baada ya Love Deluxe ya 1992 (ile yenye Pearls, wimbo wa mama wa Kisomali anayeokota punje barabarani, usikilize ukiwa umekaa) alikaa miaka 8, akazaa, akalea, akarudi na Lovers Rock, akapotea tena miaka 10. Msanii wa kwetu akikaa miezi sita bila ngoma tunasema kafulia, huyu karudi Februari 2010 na Soldier of Love ikaingia moja kwa moja namba moja Marekani, kopi laki tano wiki ya kwanza. Wenzake nao hawakulala njaa, Matthewman alienda kufanya kazi na Maxwell, mwimbaji wa Marekani, kama unampenda Maxwell basi umeshamsikia bila kujua.

Siku hizi anadondosha wimbo mmoja mmoja, miwili 2018 kwa ajili ya filamu, halafu 2024 Young Lion, humo anamuomba radhi mwanae. Albamu mpya hamna. Mimi cha kwake cha zamani bado sijamaliza kukisikiliza.