Honda ya babu haiwaki

SWALI: Tuna pikipiki ya babu, Honda C70, imelala stoo miaka mingi. Kiki inazunguka ila haiwaki. Tunataka watoto waiendeshe uani. Tuanzie wapi? (Msomaji, Ujiji, Kigoma)

JIBU: Acheni kiki kwanza. Fungueni plagi, tieni kijiko cha chai cha oili ndani ya silinda, iache ilale hadi asubuhi, ndipo mzungushe taratibu. Ringi kavu hukwaruza silinda. Oili ya injini mwageni yote, wekeni mpya, karibu lita 0.8.

Plagi ivalisheni kofia yake, igusishwe chuma cha injini, mpige kiki. Hakuna cheche? Mara nyingi ni pointi (vipande viwili vya chuma vinavyounga na kukata umeme wa cheche) zenye kutu: zisugueni kwa msasa laini, pengo kati yake zikiachana liwe milimita 0.3 hadi 0.4.

Cheche ikiwepo, fungueni kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Petroli iliyolala huacha gundi ya kahawia, na jeti ndogo, kipande chenye tundu jembamba la kupitisha petroli, ndiyo huziba mwanzo. Ielekezeni juani: msipoona nukta ya mwanga, imeziba. Ilowekeni kwenye petroli safi, ipulizeni kwa pampu. Waya msiingize kabisa, unapanua tundu na pikipiki itabugia mafuta daima.

Breki zikaguliwe kabla mtoto yeyote hajapanda, na helmeti imtoshe.