Usitafute Jina la Babu, Tafuta Ofisi

Anayeingia Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa kwa mara ya kwanza, pale Moi Avenue ambapo nusu ya Nairobi hupeana miadi bila kuvuka mlango, huwa na jina moja kichwani. Anafika kaunta na kuuliza kama kuna faili ya babu yake. Anaambiwa hakuna, anashukuru, anarudi stejini. Kumbe babu yumo. Ni vile tu serikali ya mkoloni haikuwa na desturi ya kumfungulia mwananchi wa kawaida faili. Ilifungulia shida zake: kodi, mipaka ya mashamba, ng'ombe waliohamishwa bila kibali, chifu aliyelalamikiwa, shule iliyofungwa. Babu amejificha ndani ya shida hizo, pengine ukurasa wa hamsini, katikati ya orodha ya majina thelathini.

Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, badilisha swali. Alikaa wapi, miaka gani, na ni ofisi ipi ya serikali iliyolazimika kushughulika naye? Ukiyajibu hayo matatu, hata kwa kukisia, utakuwa na cha kuomba.

Swali la miaka ndilo hupotosha wengi. Mwaka ulio kwenye kitambulisho cha mzee aliyezaliwa kabla ya uhuru mara nyingi ulikadiriwa tu, kwa kumtazama uso. Usiulize alizaliwa lini. Uliza alitahiriwa na rika gani, au alikuwa na umri gani wakati wa njaa fulani. Ukambani, aliyezaliwa wakati wa njaa ya Ngomanisye anakupeleka kwenye miaka ya 1897 hadi 1900. Wakikuyu njaa ya wakati huohuo waliiita Ng'aragu ya Ruraya. Mtu wa Anake a 40, rika la Wakikuyu, alitahiriwa mwaka wa 1940 au karibu na hapo. Ukiwa na alama mbili za namna hii umebana muda kiasi cha kutosha kuanza.

Upande wa mahali, jina unalolijua leo huenda halimo kwenye orodha kabisa. Murang'a ilikuwa Fort Hall, Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, Webuye ilikuwa Broderick Falls. Kakamega tafuta Kavirondo Kaskazini, Kisii tafuta Kavirondo Kusini. Kipsigis wameandikwa Lumbwa, na Mijikenda wameitwa Nyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Hata barabara unayosimama ukitoka hapo hifadhini iliitwa Government Road. Mipaka nayo ilihama. Kisumu na Naivasha zilikuwa chini ya Uganda hadi 1902, na Turkana hadi 1926, kwa hiyo karatasi za mwanzo za sehemu hizo zilitoka ofisi za Uganda. Watu humaliza wiki nzima Nairobi wakitafuta Kisumu ya 1900.

Ndani, utaratibu ni mwepesi. Beba kitambulisho, ujisajili, uache mkoba unapoelekezwa, uingie na penseli na daftari. Asiye raia huhitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, nacho kinachukua muda, basi aombe mapema. Kisha unakaa na orodha za faili kabla ya kuomba chochote. Herufi za mwanzo zinakuambia ofisi iliyoandika: DC ni ya mkuu wa wilaya, PC ya mkuu wa mkoa. Zinazofuata ni eneo: DC/FH ni Fort Hall, DC/MKS Machakos, DC/KBU Kiambu, PC/NZA Nyanza, PC/COAST Pwani. Nambari za baadaye ndizo zinazotenga mafungu na faili. Andika rejea nzima, kila mkwaju (/) na kila nambari. Mtu huandika "faili ya Kiambu, barua ya Machi", na baada ya miezi miwili hata yeye mwenyewe hawezi kuipata tena. Ukiruhusiwa kupiga picha, picha ya kwanza iwe ya jalada lenye rejea, ndipo kurasa zifuate.

Kumbuka pia kwamba nyaraka za umma hufunguliwa kwa wasomaji zikishafikisha miaka 30. Unayetafuta jambo la juzi utagonga ukuta.

Ukikabidhiwa faili, igeuze. Kwa kawaida karatasi ya zamani zaidi iko chini na ya mwisho iko juu, kwa hiyo anayeanza na ukurasa wa juu anasoma hukumu kabla ya kesi. Soma maandishi ya pembeni pia, yale ya wino mwekundu au penseli ambayo maofisa waliandikiana, maana humo ndimo wanasema wasichoweza kukitia kwenye barua rasmi. Na juu ya kila barua kuna nambari ya kumbukumbu ya ofisi. Hiyo siyo nambari ya hifadhi. Wageni huiandika kwenye fomu ya kuombea faili, wanaambiwa haipo, wanadhani imeibwa.

Katika ripoti zote, mimi ningeanza na ile ya kukabidhi ofisi. Ripoti ya mwaka iliandikwa ili wakubwa waisome, basi kila kitu kinaendelea vyema. Ripoti ya kukabidhi iliandikwa na DC anayeondoka kwa DC anayeingia: chifu huyu usimwamini, ukoo ule na huu wanagombania bonde hili, mzee fulani ana sauti kuliko chifu. Majina ya watu yamejaa humo. Baada ya hapo tafuta kumbukumbu za mikutano ya mabaraza ya wenyeji yaliyoanzishwa kwa sheria ya 1924, kisha kesi za mahakama za wenyeji, ambako utasikia watu wakijitetea kwa maneno yao, hata kama yalipitia kwa mkalimani.

Kuna mitego midogo ya hesabu. Ripoti za mwanzo hubeba miaka miwili, kwa mfano 1912–13, kwa sababu mwaka wa serikali uliishia 31 Machi. Kodi ya nyumba ilitozwa kwa rupia hadi sarafu ilipobadilishwa kuanzia 1920, na rupia 15 zilikuwa pauni moja. Usizisome kama shilingi.

Ukigundua kwamba faili za wilaya zipo lakini za makao makuu ya Nairobi kabla ya vita vya pili hazionekani, ujue moto wa 1939 uliteketeza sehemu kubwa ya nyaraka za Sekretarieti. Nakala za barua za gavana kwenda London zimebaki Uingereza, katika hifadhi yao ya taifa pale Kew, fungu la CO 533. Halafu kuna FCO 141: faili zilizosafirishwa kimyakimya makoloni yalipopata uhuru, zikafichwa Hanslope Park, jengo la serikali huko Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipolazimisha serikali ya Uingereza kukiri mwaka wa 2011 kwamba inazo. Orodha zake unaweza kuzipekua kwenye mtandao ukiwa hapahapa Nairobi, bila malipo. Hivyo, kabla ya kulipia nakala, hakikisha ni faili unayoihitaji.

Nje ya Moi Avenue, tembea dakika chache hadi maktaba ya McMillan, Banda Street, yenye magazeti ya zamani. Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu 1899, watu hulidharau, lakini matangazo yake ya mirathi yanataja marehemu, alikokaa na tarehe ya kifo. Ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya Carter, 1932 hadi 1934, una koo na wazee waliotajwa kwa majina wakieleza ardhi ilivyopatikana na ilivyochukuliwa. Kwenye parokia za zamani za Kikatoliki daftari za ubatizo ziliandikwa kwa Kilatini: filius ni mwana wa, patrinus ni msimamizi wa kiume. Usimruke msimamizi, kwani mara nyingi ni jamaa au jirani, naye huenda ana faili.

Kisha linganisha. Machi 1922 polisi walipofyatulia risasi umati uliodai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe hapa Nairobi, hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa. Wananchi walihesabu wengi zaidi. Na Muthoni Nyanjiru, aliyewaongoza wanawake siku ile, amehifadhiwa zaidi na midomo ya watu kuliko na ripoti. Ripoti inakupa tarehe, mahali na aliyetoa amri. Nani alilia na kwa nini, hilo muulize nyanya.

Mwisho ni lile jina lenyewe, sasa ukishaiona orodha. Karani aliandika alivyosikia: Njoroge anaweza kuwa Joroge, na herufi s/o maana yake ni "mwana wa". Zaidi ya hapo, kwa Wakikuyu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, basi Kamau s/o Njoroge huzaa Njoroge s/o Kamau, naye huzaa Kamau s/o Njoroge mwingine. Wawili wenye jina moja, kijiji kimoja, wametofautiana miaka hamsini. Usimchukue yeyote kuwa wako hadi lokesheni (eneo la chifu), chifu na rika vikubaliane.